Okidi Ndogo Zenye Maua ya Kunukia Yasiyodumu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unakusanya maswali ambayo wapandaji wa okidi ndogo za nyumbani huyarudia kila msimu. Sehemu kubwa ya wasiwasi wao hutokana na kuzipima okidi hizi kwa kipimo cha Phalaenopsis, ile okidi ya madukani ambayo maua yake hukaa miezi miwili au mitatu bila kunyauka. Hizi zina utaratibu wao, na anayeufuata hupata harufu ambayo Phalaenopsis nyingi hazina kabisa.

## Mambo ya msingi

Okidi zinazozungumziwa hapa ni zipi?

Familia ya okidi ina spishi zipatazo 28,000, na kati ya hizo zipo nyingi ambazo mmea mzima hutosha kwenye kiganja au kwenye kingo ya dirisha. Tunazozijadili hapa ni zile ambazo maua yake hunukia na hukaa muda mfupi, kuanzia saa chache hadi wiki mbili hivi.

Maua ya siku moja hupatikana kwa Dendrobium crumenatum, kwa jamii ya Diplocaulobium na kwa spishi nyingi za Thrixspermum. Maua ya siku chache hupatikana kwa Gongora na Stanhopea. Stanhopea si ndogo sana, lakini imo humu kwa sababu maua yake hukaa takriban siku tatu tu na maswali yanayoihusu hayaishi. Wiki moja au mbili ni muda wa kawaida kwa Leptotes bicolor ya Brazili na Paraguay, na kwa Vanda falcata, ambayo wengi bado wanaiita kwa jina lake la zamani, Neofinetia falcata. Hii ya mwisho imepandwa Japani tangu enzi ya Edo (karne ya 17 hadi ya 19), ikithaminiwa kwa umbo la majani yake sawa na kwa harufu yake.

Kwa nini maua haya hunyauka haraka? Je, nimekosea matunzo?

Hapana. Muda wa kuishi wa ua umepangwa na spishi yenyewe, na matunzo bora kabisa hayawezi kuligeuza ua la siku moja kuwa ua la mwezi mmoja. Ua hupoteza maji kila saa linapokuwa wazi, na kutengeneza harufu kali hugharimu sukari ambayo mmea mdogo hauna akiba yake kubwa. Kwa hiyo mmea huchagua kati ya njia mbili: kuliweka ua wazi kwa muda mrefu na kumsubiri mdudu apite, au kumwita kwa nguvu kwa muda mfupi na kisha kufunga kazi.

Dendrobium crumenatum ya Asia ya Kusini-Mashariki ndiyo mfano ulio wazi zaidi wa njia ya pili. Mvua kubwa inaposhusha joto la hewa ghafla, mimea yote ya eneo hilo huanza kukuza matumba kwa pamoja, na siku tisa hivi baadaye yote hufungua maua asubuhi moja. Jioni maua yamekwisha. Kwa kuwa yamefunguka pamoja, nyuki wanaofika siku hiyo hupita kutoka mmea mmoja hadi mwingine, na uchavushaji hukamilika ndani ya saa chache. Stanhopea na Gongora nazo huwaita nyuki dume wa kundi la Euglossini, ambao hawaji kutafuta nekta. Huja kukusanya mafuta yenye harufu na kuyahifadhi katika miguu yao ya nyuma. Mwito wa namna hiyo hujibiwa upesi, na ua halina sababu ya kubaki.

Mbona sisikii harufu yoyote?

Mara nyingi ni suala la saa. Okidi zenye maua meupe au ya kijani hafifu na kijibomba kirefu cha nekta kwa kawaida huchavushwa na nondo, na hunukia kuanzia machweo. Brassavola nodosa na jamaa wengi wa Angraecum wamo katika kundi hilo, na Vanda falcata nayo hunukia zaidi usiku. Ni uhusiano huu wa ua na nondo uliomfanya Charles Darwin, mwaka 1862, atabiri kwamba lazima yupo nondo mwenye ulimi mrefu wa kutosha kufikia nekta ya Angraecum sesquipedale ya Madagaska, iliyo ndani ya kijibomba cha takriban sentimita 30. Nondo huyo alikuja kuelezwa kisayansi mwaka 1903, baada ya Darwin kufariki.

Okidi zinazochavushwa na nyuki hufanya kinyume: hunukia asubuhi jua linapozipasha moto, kisha hupungua mchana. Maxillaria tenuifolia, yenye harufu inayofanana sana na ya nazi, hunukia vizuri zaidi ikiwa mahali penye joto na mwanga. Kumbuka pia kwamba ua lililofunguka muda mfupi uliopita huenda bado halijaanza kutoa harufu, na kwamba pua za watu hazilingani. Harufu inayojaza chumba kwa mmoja huweza isisikike kabisa kwa mwingine. Kabla ya kukata tamaa, nusa asubuhi, adhuhuri, na tena baada ya giza kuingia.

Nianze na ipi?

Leptotes bicolor ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza. Ni ndogo, majani yake ni manene na huhifadhi maji, huvumilia kosa moja au mawili ya umwagiliaji, na huchanua bila kudai mengi. Inayofuata ni Vanda falcata. Aina za Diplocaulobium zinavutia sana, lakini maua yake hufunguka na kufunga kabla mtu mwenye shughuli nyingi hajarudi nyumbani, na mgeni wa okidi huweza kukaa nazo miaka bila kuyaona.

## Mwanga, joto na hewa

Mwanga kiasi gani unatosha?

Weka mkono wako kati ya dirisha na mmea wakati wa adhuhuri. Kivuli chenye kingo hafifu kinaonyesha mwanga unaofaa kwa nyingi za okidi hizi; kivuli kikali chenye kingo zilizokatika kinaonyesha kwamba majani yataungua; na kama kivuli hakionekani kabisa, mmea utaishi lakini hautachanua.

Baada ya hapo, yaamini majani kuliko kipimo chochote. Rangi ya kijani iliyokolea sana, ya kupendeza macho, ni dalili ya njaa ya mwanga. Kijani kinachoelekea kidogo kwenye manjano ndicho kinacholeta maua. Wekundu au zambarau kwenye kingo za majani huonyesha kwamba mmea umefikia kikomo cha mwanga unaoweza kuuvumilia, na mabaka makavu ya rangi ya kahawia ni kuungua, ambako hakurekebishiki kwenye jani hilo. Mmea uliozoea kivuli usihamishiwe juani kwa siku moja. Usogeze hatua kwa hatua kwa wiki mbili au tatu.

Je, joto la usiku lina umuhimu?

Lina umuhimu mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Tofauti ya nyuzijoto 5 hadi 8 za Sentigredi kati ya mchana na usiku huzisaidia spishi nyingi kuanzisha matumba, na chumba chenye joto lile lile saa zote ni sababu ya kawaida ya mmea wenye afya kutochanua. Tazama pia swali kuhusu mmea usiotoa maua, hapa chini.

Ninyunyizie majani maji ili kuongeza unyevu wa hewa?

Kunyunyizia huinua unyevu kwa dakika chache tu. Unyevu wa asilimia 50 hadi 70 hupatikana kwa uhakika zaidi kwa kuiweka mimea pamoja, au kwa kuweka vyungu juu ya sinia lenye kokoto na maji, mradi sehemu ya chini ya chungu isiguse maji. Hewa inayotembea ni lazima iambatane na unyevu huo, kwani unyevu mwingi katika hewa iliyotuama huzalisha kuvu na bakteria.

## Chungu, mizizi na maji

Naweza kuzipanda kwenye udongo wa bustani?

Usifanye hivyo. Karibu zote zilizotajwa hapa huishi juu ya matawi ya miti zikiwa kwao, na mizizi yake imezoea kuloa na kukauka ndani ya muda mfupi. Mzizi umezungukwa na tabaka la seli zilizokufa liitwalo velameni, ambalo hufyonza maji kama sifongo na kuyapitisha ndani taratibu. Udongo hulifanya tabaka hilo libaki limelowa, hewa haipiti, na mzizi huoza. Tumia vipande vya magome ya miti vilivyochanganywa na makaa au perlaiti, yaani vile vijiwe vyeupe vyepesi vya kupandia. Kwa mimea midogo sana chagua vipande vya milimita 5 hadi 10.

Chungu au kipande cha gome?

Swali hili huamuliwa na mtu kuliko na mmea. Okidi iliyofungwa juu ya kipande cha gome au cha koki hukauka ndani ya saa chache, hivyo kuoza kwa mizizi ni nadra sana; lakini itahitaji maji kila siku, na wakati wa joto kali hata mara mbili. Anayesafiri mara kwa mara asijaribu njia hiyo. Chungu husamehe siku ya kusahau, ila huadhibu mkono mwepesi wa kumwagilia.

Ukichagua gome, weka utepe mwembamba wa spagnamu, yaani ile mimea laini ya majimaji inayouzwa ikiwa imekaushwa, kati ya mizizi na gome, kisha ufunge mmea imara kwa uzi wa kuvulia samaki. Uimara ni jambo la kusisitizwa: mmea unaotikisika hukatika ncha za mizizi mipya kila unapoguswa, na hautashika kamwe. Ukichagua chungu, chukua kidogo kuliko unavyofikiri unahitaji, na ikiwezekana kiwe cha plastiki angavu ili uione mizizi.

Stanhopea ina sharti lake. Shina lake la maua huelekea chini na kupenya hadi kutokea chini ya chombo, kwa hiyo lazima ipandwe kwenye kikapu chenye matundu. Ikiwa ndani ya chungu cha kawaida, matumba hukwama na kuozea humo, na mwenye mmea hubaki akisema okidi yake haijawahi kuchanua.

Nimwagilie mara ngapi?

Hakuna idadi ya siku inayofaa kila mahali, kwa sababu ukubwa wa chungu, joto, upepo na msimu vyote hubadilisha jibu. Soma mizizi. Mzizi wa kijani bado una maji. Mzizi uliogeuka mweupe au wa kijivu cha fedha umekauka na unaweza kupewa maji. Usipoiona mizizi, nyanyua chungu mara tu baada ya kumwagilia na ukariri uzito wake, kisha unyanyue tena kila asubuhi hadi kiwe chepesi.

Unapomwagilia, mwagilia kwa ukamilifu: maji yapite kwenye chungu chote na kutoka chini, kisha chungu kichuruzike hadi maji yaishe kutoka. Fanya hivyo asubuhi, ili maji yaliyoingia katikati ya majani yakauke kabla ya usiku. Maji yaliyotuama kwenye kitovu cha majani machanga ya Vanda falcata huweza kuoza sehemu ya pekee inayokua, na mmea wa shina moja ukipoteza kitovu hicho hulazimika kuchipua upya kutoka chini, ikiwa utaweza. Maji ya mvua ni mazuri kuliko yote. Maji yenye chumvi nyingi huacha ukoko mweupe juu ya magome na kuunguza ncha za mizizi.

Mbolea gani, na kiasi gani?

Mbolea yoyote yenye uwiano sawa wa nitrojeni, fosforasi na potasiamu, inayoyeyuka kwenye maji, inafaa, ikitumiwa kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, mara moja kwa wiki wakati mmea unatoa majani na mizizi mipya. Kila wiki ya nne tumia maji matupu kusafisha chumvi. Mmea uliotulia, usiotoa chipukizi wala mzizi, usiwekewe mbolea.

## Maua

Mmea wangu una afya nzuri lakini hauchanui. Kuna nini?

Anza na mwanga, kwa sababu ndiyo sababu ya kwanza katika nyumba nyingi. Ikiwa majani yana kijani kilichokolea, suluhisho liko dirishani na halimo katika chupa ya mbolea. Kisha angalia umri: mmea uliogawanywa hivi karibuni au uliokuzwa kutoka kwenye mbegu hukusanya nguvu kwa miaka kabla ya ua la kwanza.

Sababu ya tatu ni ishara inayokosekana. Matumba ya Dendrobium crumenatum hujengeka hadi hatua fulani kisha hulala, yakisubiri joto lishuke ghafla kwa nyuzijoto 5 hivi. Ndani ya nyumba yenye joto lisilobadilika ishara hiyo haiji, na matumba hukaa yamelala miezi na miezi. Utoe mmea nje jioni ya mvua, au uuhamishie mahali pa baridi kwa saa kadhaa, kisha uhesabu siku. Spishi nyingine husubiri msimu mkavu: baada ya mashina mapya kunenepa na kukomaa, punguza maji kwa wiki kadhaa, ila usiyaache mashina yanywee mpaka yajikunje.

Ipo pia sababu ya nne, ambayo wengi hawaidhanii: mmea huenda umechanua na hukuona. Petali zilizosinyaa na kubaki kama kijiuzi cha kahawia kwenye ncha ya shina ni ushahidi wa kutosha.

Nitajuaje siku ambayo ua litafunguka?

Tumba huvimba kwa kasi katika siku mbili au tatu za mwisho na rangi yake hupauka. Kwa maua ya siku moja, tumba lililojaa na kulegea kwenye ncha jioni kwa kawaida hufunguka alfajiri inayofuata. Stanhopea nayo hufunguka mapema asubuhi. Kwa Dendrobium crumenatum hesabu siku tisa kutoka siku ya mvua. Andika tarehe za kila mmea kwenye daftari, kwa sababu mmea mmoja hurudia tabia yake mwaka hadi mwaka, na kumbukumbu za nyumbani kwako zitakufaa kuliko kalenda ya mtu mwingine.

Matumba hugeuka manjano na kuanguka kabla ya kufunguka. Kwa nini?

Tumba ni sehemu ya kwanza ambayo mmea huitoa kafara unapopata mshtuko: ukame wa siku kadhaa, upepo wa baridi kutoka mlangoni, au kuhamishwa kutoka mwanga wa upande mmoja hadi mwingine. Gesi ya ethilini, inayotolewa na matunda yanayoiva, huleta matokeo yale yale, kwa hiyo bakuli la matunda na okidi yenye matumba visikae meza moja.

Naweza kurefusha maisha ya maua?

Kwa maua ya wiki moja au mbili, ndiyo, kidogo: yaweke mahali penye ubaridi na kivuli, usiyaloweshe, na uyaepushe na ethilini pamoja na nyuki, kwani ua lililochavushwa huanza kunyauka mara moja. Kwa maua ya siku moja hakuna njia. Kinachowezekana ni kuongeza idadi ya mara: Thrixspermum na Diplocaulobium huchanua kwa mawimbi, na mmea uliokua ukawa kichaka huweza kutoa mawimbi kadhaa kwa mwaka.

Nikate shina baada ya maua kunyauka?

Inategemea jamii, na kosa hapa hugharimu. Mashina ya zamani ya Dendrobium crumenatum na Diplocaulobium huchanua tena na tena kutoka sehemu zile zile, hata yakionekana makavu na hayana majani. Vivyo hivyo vikonyo vya maua vya Thrixspermum. Usiyakate yakiwa bado magumu na mabichi ndani. Vikonyo vya Gongora, Stanhopea na Leptotes havirudii, navyo hukatwa vikishakauka.

## Wadudu na magonjwa

Kuna vitu vyeupe kama pamba kati ya majani.

Hao ni vidung'ata. Wapanguse kwa pamba iliyochovywa kwenye alkoholi ya asilimia 70, rudia kila wiki kwa angalau mwezi mmoja ili kuwapata wanaoanguliwa, na utenge mmea huo na mingine. Vidugamba, vinavyoonekana kama magamba ya kahawia yaliyogandia jani, hutibiwa vivyo hivyo, baada ya kukwanguliwa kwa ukucha.

Je, ni lazima kusafisha mkasi kila ninapokata?

Ndiyo, kila mmea na kila mara. Virusi vya okidi, hasa kile cha mozaiki ya Cymbidium na kile cha pete cha Odontoglossum, husambazwa kwa utomvu unaobaki kwenye vyuma, na mmea ulioambukizwa hauponi. Pitisha makali ya mkasi kwenye moto na uyaache yapoe. Alkoholi inayoua vidung'ata haitegemewi dhidi ya virusi hivi.

## Maswali yasiyo ya kawaida

Nitazalishaje mmea mpya?

Kwa kugawa. Mmea wenye mashina mengi ukatwe katika vipande vyenye angalau mashina matatu kila kimoja, wakati mizizi mipya inaanza kuchomoza. Mbegu ni jambo jingine kabisa: ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na porini huota kwa kulishwa na kuvu. Mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, Noël Bernard, aligundua uhusiano huo mwaka 1899, na mwaka 1922 mwenzake wa Marekani, Lewis Knudson, akaonyesha kwamba mbegu huweza kuota bila kuvu zikiwekwa kwenye chakula chenye sukari katika chupa isiyo na vijidudu. Tangu hapo kazi hiyo imekuwa ya maabara. Kuchavusha kwa mkono kwa ajili ya kutazama tu sikushauri kwa mmea mdogo, kwani kubeba tunda kwa miezi mingi huudhoofisha.

Mtu mwenye mzio wa chavua anaweza kuishi nazo?

Chavua ya okidi imegandamana katika vidonge vinavyobebwa na mdudu, hairuki hewani, hivyo chavua yenyewe si tatizo la kawaida. Harufu ni jambo tofauti: Stanhopea moja katika chumba kidogo kilichofungwa huweza kumuumiza kichwa mtu mwepesi wa kuathirika na manukato. Iweke barazani siku zake hizo tatu.

Nimeiona moja porini. Naweza kuichukua?

Usiichukue. Okidi zote zimo katika viambatisho vya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, na kuzivusha mpaka bila kibali ni kosa. Nchi nyingi zina sheria zake pia kuhusu kung'oa mimea porini. Zaidi ya sheria, mmea uliobanduliwa kwenye mti hupoteza mizizi mingi na mara nyingi hufa, na spishi zenye maeneo madogo zimepungua kwa sababu hiyo hiyo. Nunua iliyozalishwa kitaluni. Utaitambua kwa mizizi iliyokua ikifuata umbo la chungu chake na majani yasiyo na makovu. Iliyotoka porini huwa na mizizi iliyokatwa, majani yaliyotafunwa na wadudu, na mara nyingine vipande vya gome la mti vilivyobaki vimeshikana na mizizi.